Uso Ulioganda Kiooni

Ukumbi wa hospitali kuu ulikuwa umefurika asubuhi ile, wagonjwa wamebanana mbele ya dirisha la dawa, mtandio wa daktari uliponaswa na waya. Waya wenyewe ulikuwa umeviringishwa begani mwa kijana mrefu, shati lake limepaushwa na jua.

"Dada, usivute," alisema kijana. "Ukivuta utaondoka na mtandao wa vijiji vyote."

"Kumbe wewe ndiye fundi tuliyekuwa tunamsubiri?"

"Na wewe ndiye daktari wa kwenye kioo. Sikujua kama una miguu."

Daktari alicheka mpaka watu wa foleni wakageuka.

Kazi yao ilikuwa moja. Daktari alikaa katika chumba kidogo ghorofani, akiwatibu kwa video watu wa vijiji ambavyo daktari hafiki. Fundi alizunguka milimani kufunga mitambo katika zahanati zao. Mapenzi yakapenya humo humo kazini, kama maji yanavyojitafutia njia. Kila fundi alipopata mawimbi, simu ya kwanza ilikuwa ya daktari.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula vumbi. Sauti yako ndiyo mboga."

"Muongo wewe. Rudi, nguo yangu ya bluu imechoka kukusubiri."

"Namalizia zahanati ya mlimani. Nimeweka betri mpya, hata mbingu ianguke haizimi."

Wiki iliyofuata, alasiri, zahanati ile ilipiga simu ya video. Mama kijana alikuwa amejifungua salama, lakini damu haikomi. Daktari alimwelekeza muuguzi, sauti imetulia. "Kandamiza tumbo, usiachie. Dripu ya pili iwe tayari." Mzazi aligeuza shingo akakitazama kioo.

"Daktari, usiniache."

"Niko hapa, mdogo wangu. Sibanduki."

Hapo hapo picha ikaganda. Macho wazi, midomo imeachana kidogo. Daktari aliita, akagonga kioo, akapiga simu ya zahanati, haikupatikana. Uso ule ukabaki unamtazama. Picha ilipofunguka, muuguzi alikuwa amesimama peke yake, na shuka kitandani limevutwa hadi juu.

Daktari alimpigia fundi.

"Ulisema haizimi."

"Nilisema."

"Mtu amekufa mbele ya macho yangu kwa sababu ya betri yako."

"Nisamehe," fundi alisema, akakata simu. Tangu hapo simu yake haikupatikana tena.

Uso ule ukahamia kwa daktari. Aliuona kwenye milango ya lifti, kwenye vioo vya maduka, na zaidi kwenye kioo cha kazini kilipozimwa. Akawa anakifunika kitambaa kabla ya kutoka. Dada yake alimwambia, "Mwanamume akikimbia amekujibu. Achana naye." Alimchukia fundi na alimtamani arudi, na hayo mawili yalikaa kifua kimoja bila kupatana.

Mvua zilipokwisha, muuguzi wa mlimani alimaliza kumwonyesha mgonjwa, kisha akabaki kiooni.

"Daktari, umekonda. Ni siku ile bado?"

"Nikifumba macho namwona. Ile betri..."

"Betri gani? Huku taa iliwaka muda wote. Mliokatika ni ninyi huko hospitali, video na simu pia. Fundi alikuja kukagua siku ya mazishi, akahakikisha. Akaniomba nisikuambie."

"Yuko wapi?"

"Huku huku. Anafunga njia ya pili ya mtandao, moja ikikatika nyingine ishike."

Daktari aliomba ruhusa, akasafiri. Alifika amevaa ile nguo ya bluu, pindo limejaa vumbi. Fundi alikuwa juu ya paa la zahanati. Alipomwona alishuka polepole, kama mtu anayeitwa kuhukumiwa.

"Mwanzoni nilidhani ni kosa langu kweli," alisema. "Nilipojua, nikaona bora unichukie mimi. Ulimwahidi hubanduki. Ningekuambiaje kuwa aliyetoweka ni wewe?"

"Ukaniacha na uso wake peke yangu. Hayo ndiyo mapenzi?"

Fundi alimwongoza hadi nyumbani kwa marehemu, alikokaa mama mzazi wa marehemu na mjukuu mapajani. Mama alimtazama mgeni usoni.

"Ni wewe," alisema. "Uliganda, mdomo wazi, kama unataka kusema neno. Mwanangu alikutazama mpaka mwisho. Alidhani bado unamsikiliza. Hatukumwambia."

Daktari aliketi chini, akalia kilio alichokizuia miezi yote. Mama hakumbembeleza. Alimwekea mtoto mikononi. "Mshike, mwanangu. Mimi nimechoka."

Jioni, mtoto amerudishwa kwa bibi yake, walipokuwa wakiteremka, fundi aliuliza, "Uso wake utaondoka?"

"Sidhani."

"Basi nitaishi nanyi wawili, ukinikubali."

Daktari alimpangusa vumbi kwenye paji la uso. "Usinifiche tena ukweli, hata unaoua."

"Sikufichi."

"Basi njoo kwetu uonane na baba."

Aligeuka kuitazama zahanati. Dirishani uso ule ulikuwepo, macho wazi. Safari hii hakutazama pembeni. Alisimama mpaka alipotosheka, kisha akamshika fundi mkono, wakaendelea kushuka.