Aliyetangulia Kushuka

Oralbek alikuwa ameshazoea maisha ya huko juu, kwenye kituo cha angani. Alilala ndani ya mfuko uliofungwa ukutani, asije akaelea usingizini. Kila siku alikimbia kwenye mashine akiwa amefungwa mikanda, maana mifupa isiyobeba uzito hulika taratibu kama mti wenye mchwa. Asubuhi ile tone la chai lilimponyoka, likaelea hadi puani mwa mwenzake, Fyodor.

"Kaka, nyie Wakazakhi mtamwaga chai hata pasipo na chini!" Fyodor alicheka.

Walikuwa wawili tu kituoni, na kesho yake wangerudi nyumbani. Ilibaki kazi moja: kukaza kebo iliyolegea nje.

Oralbek akavaa vazi lake zito, akajifunga kamba, akatoka. Chini kabisa, nyika ya kwao ilikuwa nyeupe kwa theluji. Akawa anakaza kebo huku akiimba kidogo kidogo. Fyodor alimtazama kutoka dirishani, wakipiga soga kwa redio.

Ghafla Fyodor akakatiza soga. Kisha akanong'ona.

"Kaka. Usigeuke."

"Kuna nini?"

"Uko na nani hapo?"

"Mama mkwe wako. Amekufuata."

Fyodor hakucheka. Ndipo Oralbek alipoisikia ndani ya kofia yake. Pumzi. Akabana ya kwake. Ile nyingine ikaendelea. Polepole. Sikioni kabisa.

Kamba ikavutwa. Ikavutwa tena.

Hakugeuka. Alijivuta kwa mikono, kishikio hadi kishikio, jasho likimwingia machoni na hana namna ya kulifuta. Akaingia. Akafunga mlango. Hewa ikaanza kujaa.

"Umekiacha nje?" Fyodor aliuliza.

"Nimefunga mlango mwenyewe."

"Sikuulizi mlango, kaka."

Hawakulizungumza tena. Kesho yake walijifunga vitini ndani ya chombo cha kurudia. Njia nzima Fyodor alikikodolea macho kiti cha tatu, kilichokuwa kitupu. Moto ukalamba madirisha. Uzito ukawakandamiza vifua. Parachuti ikafunguka, wakatua kwa kishindo nyikani.

Waokoaji walichelewa kidogo. Walipofika, Oralbek aliwasikia wakizunguka chombo, theluji ikilia chini ya viatu vyao. Akangoja wafungue. Hawakufungua.

"Fungueni, jamani!"

Daktari wao, dada Zhanyl, akajibu kutoka nje kwa sauti ndogo. "Kaka Oralbek, nani ametangulia kutoka?"

"Hakuna! Si mlango bado umefungwa!"

Theluji ikalia tena; walikuwa wakirudi nyuma.

Walipowatoa hatimaye, miguu ya Oralbek haikuweza kumbeba, wakamkalisha kwenye kiti. Hakuna aliyemtazama usoni. Wote walitazama chini.

Nyayo za mtu pekupeku zilianzia pale pale mlangoni. Nyembamba, zenye vidole virefu. Hazikuwapo za kuja. Katika kila unyayo theluji ilikuwa imeyeyuka hadi kwenye udongo, na zote zilielekea kijijini, kule moshi wa majiko ulikofuka, ambako mbwa waliokuwa wakibweka walikuwa wameshanyamaza.