Matengenezo ya Chumba cha Nne

Komeo la chumba cha nne lilipong'oka mara ya tatu, misumari yake haikuanguka ovyo. Ilikuwa imepangwa kizingitini, saba, imenyooshwa, vichwa vikielekea ndani. Sharifo aliiokota mmoja mmoja akaitia kwenye pochi, akajiambia ni utundu wa mtu. Lakini chumba kilikuwa kitupu tangu mwezi wa pili, na ufunguo alikuwa nao yeye peke yake.

Huo ulikuwa mwaka wa 2005. Sharifo alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, muuza vitambaa karibu na msikiti mjini Bungoma. Mumewe alipofariki, na binti yao wa pekee, Shamira, akaolewa Garissa, alichukua pesa alizoachiwa akanunua ploti ya vyumba sita huko Kitale. Waliomuuzia ni watoto wa mzee Bashir, aliyeishi peke yake katika chumba cha nne mpaka siku alipokufa. Sharifo hakusukumwa na tamaa ya utajiri. Alitaka kitu cha kumshughulisha. Nyumba yake ya Bungoma ilikuwa imenyamaza kiasi kwamba akikohoa sebuleni, kikohozi kilimrudia kutoka jikoni.

Thuo, mwenye ploti ya jirani, alimshauri kwamba kila mwaka atenge kodi ya mwezi mmoja ya kila chumba kwa ajili ya matengenezo, wala asiiguse hata akikosa sukari. Vyumba sita, elfu moja na mia tano kila kimoja: elfu tisa. Sharifo aliona ni nyingi mno kwa nyumba ndogo kama zile. Kufika Juni zilikuwa zimekwisha, na zote zilizama katika chumba kimoja. Komeo, kioo cha dirisha, komeo tena, kisha plasta iliyovimba kwenye ukuta usiopitiwa na bomba lolote.

Fundi wake alikuwa Wepukhulu wa Kiminini, mtu wa maneno machache. Alibandua plasta, akaacha ukuta ukauke wiki nzima, akapiga plasta mpya. Siku tatu baadaye alimpigia Sharifo simu, akamwomba aje ajionee. Ukuta ulikuwa umelowa tena, baridi kama mtungi, na chumba kilinuka udi uliochanganyika na nywele zilizoungua. Katikati ya unyevu palikuwa na alama ya kiganja. Haikubonyea. Ilikuwa imetokeza, kana kwamba mtu aliye ndani ya ukuta alisukuma plasta kuja nje.

Wepukhulu alimrudishia pesa zake zote za kazi.

"Mama, hii ukuta haina shida ya simiti," alisema kwa sauti ya chini, macho yakiwa mlangoni. "Kila nikimaliza, nikikusanya vyombo, nasikia mtu ananiuliza, 'Unaenda?' Mimi sirudi tena bana."

Habari zilienea. Wapangaji walihama mmoja baada ya mwingine, hata akabaki Nabwile wa chumba cha kwanza, aliyeuza mboga sokoni na hakuwa na pa kwenda. Kodi ya chumba kimoja haingemlipa fundi mwingine. Sharifo akabeba mkeka na jiko kutoka Bungoma, akaingia chumba cha nne, akiapa kwamba kinachoharibu nyumba yake atakiona kwa macho yake mwenyewe.

Siku ya pili, saa nane mchana, mvua ilianza kupiga mabati. Nabwile alikuwa sokoni. Sharifo alikuwa akichochea makaa, mgongo ameupa ukuta, aliposikia nyuma yake pumzi ya mtu aliyetoka mbali, pumzi iliyopanda na kushuka taratibu na kusogea kila iliposhuka, na ile harufu ya udi ikamzunguka shingoni kama mtandio, na maji ya ukutani yakaanza kutiririka sakafuni hadi yakagusa nyayo zake, na katikati ya kishindo cha mvua akasikia sauti, karibu kabisa na sikio lake, ikisema kwa upole wa kutisha:

"Nikivunja, unakuja."

Alikimbia bila viatu mpaka kwa Thuo.

Kesho yake alimleta Maalim Hamid wa msikiti wa Bungoma. Maalim alisoma Kurani kwa muda mrefu, kiganja chake kikiwa ukutani, mara akinyamaza kama anayesikiliza. Kisha akamweleza Sharifo kwamba huyo alikuwa jini aliyekaa na mzee Bashir miaka thelathini. Mzee alikufa, watoto wakauza nyumba, na hakuna aliyemuaga yule jini. Hana kisasi na yeyote, alisema Maalim. Amezoea mtu tu, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu akimpata mtu hamwachi.

"Mwenye nyumba ndiye wa kumtoa," alisema. "Sema mara tatu: hii ni nyumba yangu, ondoka. Useme kwa sauti."

Sharifo alisema mara ya kwanza, na ukuta ukaanza kukauka kutoka juu. Alisema mara ya pili, na nyuma ya plasta kikasikika kilio chembamba, kikienda kikipungua. Hapo akakumbuka nyumba ya Bungoma: kufungua mlango, kuweka kikapu chini, asiwepo wa kumuuliza alikotoka. Tangu matanga ya mumewe hakuna aliyetaka kujua kama anakuja au anaondoka.

Mara ya tatu alichezesha midomo tu.

Maalim alingoja. Kisha akafunga msahafu.

"Hukumaliza, Sharifo."

"Nimemaliza, Maalim."

Maalim alimtazama kwa huzuni, akachukua mwavuli wake, akaenda zake bila kudai hata nauli.

Tangu siku hiyo hakikuvunjika kitu. Kufika Desemba vyumba vyote vilikuwa na watu, na akiba mpya ya matengenezo haikuguswa. Sharifo aliuza vitambaa vilivyobaki, akahamia chumba cha nne kabisa. Shamira alipompigia kumuuliza kama ana upweke, alijibu hana, na hakusema uongo.

Alasiri moja ya Januari, jua likiwa kali, Nabwile alikuja na kodi akabisha hodi. Sharifo alikuwa mkekani akichambua maharagwe. Alifungua mdomo ajibu.

"Karibu, Nabwile, mlango uko wazi."

Ilikuwa sauti yake hasa, na mafua aliyokuwa nayo wiki hiyo. Ilitoka kwenye pembe ya chumba, nyuma yake.

Nabwile aliingia akitabasamu. Alivuka mkeka, karibu amkanyage Sharifo mguu, akaenda moja kwa moja hadi kwenye pembe ile, akaweka pesa kwenye mkono kama wa Sharifo ulionyooshwa kuzipokea. Akaulizia mafua, akasikiliza jibu, akacheka kidogo. Sharifo alimwita kwa jina. Akamwita tena, kwa nguvu. Nabwile aligeuka, akapita pale pale alipokuwa ameketi Sharifo, akatoka, akaufunga mlango polepole nyuma yake.