Kikombe cha Kiwiko

Mkono wa chuma, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa, ulishuka taratibu ndani ya shimo la mgodi wa Kahama. Ulishika jiwe lenye dhahabu, ukaligeuzageuza kama mama anayekagua viazi sokoni, ukalipandisha juu. Hapakuwa na mtu aliyeuendesha. Wageni waliokuja kuutazama walipiga makofi.

Ndipo jiwe likaponyoka.

Mkono ulibaki umesimama hewani. Vidole vitatu vilifunguka vizuri, lakini viwili vya mwisho, cha pete na kidole kidogo, vilijikunja kama kucha za mwewe. Mikono mingine yote mgodini ikajikunja vivyo hivyo.

Nyamizi aliyaona hayo kwenye skrini ya zahanati, alikokuwa akingoja kubadilishiwa bandeji. Aliutazama mkono wake wa kulia. Vidole vile vile, mkunjo ule ule.

"Ule ni mkono wangu," alimwambia Daktari Kemilembe, na akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mashine zile ziliitwa mikono-kivuli. Kabla ya kufanya kazi zenyewe zilifundishwa na watu. Mfundishaji alikaa kwenye kiti cha somo, akavaa glavu ndefu yenye nyaya, na kiwiko chake kikawekwa ndani ya kikombe cha chuma kilichokikunja na kukibana kisicheze. Kila alichofanya kwa vidole, mashine ilikishika na kukihifadhi. Injinia Kisaka, aliyebuni kiti hicho, aliandikisha ukutani kwa rangi nyekundu: SOMO HALIKATWI. Kikombe kikishafungwa kwa ufunguo wa msimamizi, hakikufunguliwa mpaka zamu iishe, kwa sababu mashine ikikatizwa katikati ilisahau yote.

Miongoni mwa wafundishaji hakuna aliyemfikia Nyamizi kwa ustadi, kwa hiyo mikono yote ilirithi mwendo wake. Kidole chake kidogo kilipoanza kufa ganzi, alivumilia. Sahani zilipoanza kumponyoka, na kufunga vifungo vya blauzi kukawa vita, alikwenda kwa Injinia.

"Vidole havifi kwa kukaa, dada," Injinia alimjibu mbele ya wenzake. "Huo ni uvivu."

Wenzake walicheka, na yeye akarudi kitini. Injinia aliendelea kuhifadhi masomo yake bila kuutazama mkono uliokuwa ukifundisha. Mashine zilipojua vya kutosha, aliwaita wafundishaji wote mizigo, wakarudishwa makwao.

"Umewahi kujigonga kiwiko ukasikia shoti mpaka kidoleni?" Daktari Kemilembe alikuwa amemuuliza siku ya kwanza.

"Nani hajawahi?"

"Hapo ndipo neva inapopita. Ina njia nyembamba nyuma ya mfupa, na hakuna nyama ya kuilinda. Ukikunja kiwiko muda mrefu, inavutika. Ukiegemea kitu kigumu, inabanwa. Wewe ulifanyiwa yote mawili kila siku."

"Na kama ningekuja mapema?"

"Ningekupa gango la kulala nalo ili mkono unyooke usiku, na mto laini wa kuegemea. Ungepumzika, ungefanya mazoezi. Wengi hupona hivyo tu. Sasa sina budi kupasua, niifungulie njia neva na kuihamishia mbele ya kiwiko."

"Vidole vitanyooka?"

Daktari hakumdanganya. "Ganzi itapungua. Ila nyama ya kiganja iliyokwisha kusinyaa, siwezi kukuahidi."

Jioni ya siku ile jiwe lilipoanguka, Injinia Kisaka alikuja nyumbani kwa Nyamizi, jasho likimtiririka.

"Dada Nyamizi, wageni wanarudi kesho kutwa. Lazima mikono ifundishwe upya."

"Mimi nimepasuliwa, Injinia. Na wenzangu uliwaita mizigo. Nani atakuja?"

"Basi nifanye nini?"

"Mwendo wa kwanza kabisa uliuchora wewe. Kaa wewe kitini. Mimi nitakusimamia." Alitabasamu kwa upole. "Lakini ufunguo nikae nao mimi."

Asubuhi Injinia aliingiza kiwiko kwenye kikombe. Nyamizi alizungusha ufunguo kwa mkono wa kushoto, akautumbukiza ndani ya sidiria. Mwanzoni Injinia alifanya kazi kwa mbwembwe. Kufika mchana alikuwa akijisogezasogeza kitini. Baadaye alianza kukung'uta vidole ndani ya glavu, mara kwa mara, kama mtu aliyeshika maji ya moto.

"Nyamizi, kidole kidogo sikisikii."

"Pole."

"Nifungulie kidogo tu, ninyooshe kiwiko."

Nyamizi alinyoosha kidole ukutani, penye maandishi mekundu. "Nisomee pale, Injinia. Mimi shule niliiacha njiani."

"Usinifanyie hivyo, dada yangu. Kinawaka moto!"

"Vidole havifi kwa kukaa," alisema Nyamizi. "Huo ni uvivu."

Alivuta kigoda, akaketi mbele yake, akamenya chungwa polepole kwa vidole vyake vitatu vizima. Siku zote alikuwa mtu wa kuinamisha macho. Siku hiyo hakuyaondoa usoni pa Injinia. Zamu ilipokwisha ndipo alipofungua. Injinia alijaribu kufunga kifungo cha koti, kikamshinda, akaondoka koti likiwa wazi.

"Kesho vikombe hivi ving'olewe," alisema mlangoni bila kugeuka.

"Neva yako itapona ukipumzika," Nyamizi alimjibu. "Ya kwangu ilichelewa."

Wageni waliporudi, mkono wa chuma ulishuka shimoni na kukamata jiwe kwa vidole vyote vitano. Injinia alishusha pumzi. Wageni wakainua mikono kupiga makofi.

Mkono ukasimama. Uliliweka jiwe chini, ukanyanyuka, ukaanza kujikung'uta. Wa pili ukajikung'uta, na wa tatu, mpaka shimo zima likajaa mikono ya chuma inayotikisa vidole kama watu waliofanyishwa kazi kupita kiasi. Ardhi ilinguruma chini ya miguu ya wageni.

"Inafanya nini?" Injinia alinong'ona.

Nyamizi alikuwa amesimama nyuma yake, mkono wake wa kulia umekunjika kifuani.

"Inaumwa," alisema. "Iambie ni uvivu, Injinia. Iambie mbele ya wageni."