Karatasi Isiyo na Mwenyewe

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Easter alikuwa kwenye genge lake kando ya njia, hapa Barani, Malindi. Aliuza nyanya, vitunguu na mchicha. Nyanya zilikuja na lori kutoka bara, zimejaa kwenye matenga. Wenye matenga hupanga nyanya nzuri juu na mbovu chini. Huo ndio mchezo wao, na kila muuzaji anaujua. Hata hivyo wengi huangalia juu tu, wakanunua.

Easter hakuchezewa.

"Mwaga chini nione," alimwambia mwenye tenga.

"Mama Mwende, utaziponda nyanya zangu!"

"Zilizopondeka ziko chini tayari. Mwaga!"

Mtu yule alinung'unika, lakini alimwaga. Likumbukeni tenga hilo, maana nitalirudia.

Mimi ni Mwalimu Adhiambo. Nafundisha ngumbaru, yaani watu wazima wanaojifunza kusoma. Easter, mama wa Mwende, alikuwa mwanafunzi wangu. Alikuja darasani mchana, mikono ikinukia vitunguu, amechoka hoi. Kwa muda mrefu herufi zilimtoroka. Halafu mwaka ule wa 1988 akafunguka. Akawa anasoma kila kitu: pakiti za majani ya chai, mabango ya soda, hata gazeti lililofungia samaki.

Mumewe, Musembi, alikuwa mchongaji wa vinyago. Walitoka Ukambani wakiwa vijana, wakajenga nyumba ya udongo na makuti ukingoni mwa Barani. Mlango wa nyumba hiyo Musembi aliuchonga kwa mkono wake. Ulikuwa mlango mzuri kuliko nyumba yenyewe, na majirani walimtania kwa hilo.

Nyumba ilikuwa yao, lakini ardhi haikuwa yao. Pwani mambo hayo ni ya kawaida. Ardhi ilikuwa na mwenyewe, naye alitaka kuiuza ijengwe hoteli ya watalii. Aliyezuia ni diwani wetu, Kitsao. Huyu alisimama kwenye baraza la mji akasema, "Hakuna familia itakayohamishwa kabla ya kupewa kiwanja kingine." Kwa maneno hayo tu, zile nyumba zetu zilisimama.

Sasa uchaguzi ukaja. Mramba, mwenye hoteli ya chai pale stendi, naye aliutaka udiwani. Yeye alisema wazi, "Wahame, maendeleo yaje." Kwa hiyo hatukuwa tunachagua jina tu. Tulikuwa tunachagua kama tutalala ndani au nje.

Asubuhi moja watu waliamka wakakuta karatasi zimeingizwa chini ya milango. Easter aliiokota yake. Alimwita mumewe, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno.

"Uchunguzi wa maoni ya wananchi. Wakazi wa Barani wameulizwa. Watu wanane kati ya kumi wanamtaka Mramba. Usipoteze kura yako."

Alisoma yote bila kukwama. Alipomaliza aliinua uso, anatabasamu kwa sababu ameweza. Halafu maana ikamwingia, tabasamu likafa.

"Wanane kati ya kumi!" Musembi alisema. "Basi Kitsao amekwisha."

"Labda si kweli."

"Si imeandikwa? Umeisoma mwenyewe, Mama Mwende. Watu wameulizwa."

Easter aliitazama karatasi tena. Kwake yeye, kitu kilichochapwa kilikuwa kitu cha kweli. Miaka yote alikuwa akiangalia maandishi kama mtu anayeangalia nyumba ya tajiri akiwa nje ya ua. Sasa ameingia ndani, angeanzaje kusema kuna uongo humo?

Lazima niwaeleze jambo moja, kwa ajili ya vijana ambao hawakuona. Mwaka ule hatukupiga kura ya siri. Tulipanga mlolongo. Unasimama nyuma ya picha ya yule unayemtaka, juani, watu wote wanakuona. Ndiyo maana karatasi ile ilimtisha Musembi.

"Sisi ni watu wa kuja," alimwambia mkewe. "Leseni yangu ya kuuza vinyago inatoka baraza la mji. Mramba akishinda atauliza nani walisimama upande ule. Atasema, 'Mgongo wa yule Mkamba niliuona.' Nitakwenda wapi?"

Siku ile ile Sista Nyakio alipita gengeni kununua mchicha. Nyakio ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Mimi nilikuwa pale, nimekaa juu ya kreti. Easter alimwonyesha karatasi.

Nyakio aliigeuza mbele na nyuma. "Nani ameiandika?"

"Haisemi, Sista."

"Nikikuletea chupa ya dawa haina jina, haina kiwanda, nikakuambia mpe Mwende anywe, utampa?"

"Ah! Nimpe nimuue?"

"Basi. Hii nayo haina jina. Ikiwa ni uongo, utamshika nani shati? Haya, wameulizwa watu wangapi?"

Easter alisoma tena, pole pole. "Haisemi. Inasema wanane kati ya kumi."

"Inaweza kuwa waliuliza watu kumi tu, basi. Wewe uliulizwa?"

"Sikuulizwa! Kumbe ni uongo!"

"Ngoja kwanza," Nyakio alicheka kidogo. "Kutoulizwa wewe si ushahidi. Uchunguzi mzuri nao huuliza wachache tu. Ila hao wachache lazima wachaguliwe vizuri. Mwaka jana tulitaka kujua ni watoto wangapi wa hapa wamechanjwa. Kama ningewauliza kina mama walioko kliniki, wote wangesema wamechanja. Ndiyo maana wako kliniki! Basi tulipita mitaani, nyumba moja tunaingia, kadhaa tunaruka, kwa mpango. Hatukuchagua marafiki wala nyumba zenye chai. Na tulisema sisi ni nani na tulivyofanya. Asiyeamini alijua pa kuja kutuuliza."

Nilimwona Easter anakunja uso. "Nyumba zenye chai," alisema. "Sista, siku ile Mramba alipotoa chai ya bure pale hotelini kwake, nilipita. Kulikuwa na mtu simjui, ana kalamu. Anapita meza kwa meza."

"Alikuwa anauliza nini?"

"Nilimsikia. 'Unamtaka Mramba anayeleta maendeleo, au hutaki?' Na Mramba amesimama hapo hapo, mikono kiunoni!"

"Sasa mtu anakunywa chai ya Mramba, ndani ya hoteli ya Mramba, Mramba anamtazama. Atajibu nini?"

Easter akaliangalia tenga lililokuwa miguuni pake, akapiga paja.

"Nyanya za juu!" alisema. "Wameonyesha nyanya za juu! Nami kila siku namwaga matenga ya watu, karatasi nikashindwa kuimwaga."

"Hujashindwa," Nyakio alimwambia. "Mlolongo ni kesho kutwa. Waambie watu."

Aliwaambia. Lo, alizunguka mpaka kandambili zikakatika! Baadhi walimsikiliza. Wengine walimcheka. "Wewe ngumbaru wa juzi, unashindana na mashine ya kuchapa?" Nilikuwa nimefuatana naye, na damu ilinichemka. Watu wale wale waliokuwa wakimletea barua zao awasomee!

Jioni alimweleza Musembi yote. Musembi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa," alisema. "Ni uongo. Lakini watu wameuamini, na wakiuamini atashinda kweli. Nami nitabaki nimesimama na nani? Na wewe?"

"Na mimi, ndiyo."

"Watu wawili si mlolongo, Mama Mwende."

Siku ya uchaguzi tulikusanyika kwenye uwanja wa shule. Picha mbili ziliinuliwa. Easter alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya Kitsao. Nami nilikwenda, na Sista Nyakio. Wengine wakaja. Mwanzoni mlolongo wetu ulikuwa mzuri.

Kisha watu wakaanza kutazama huku na huku. Wanahesabu kwa macho. Mtu anakumbuka ile karatasi, anamwangalia jirani, anajikohoza, anatoka. Anajifanya anakwenda kunywa maji. Tunamwona anaingia mlolongo wa pili. Mmoja, halafu mwingine. Ulikuwa mlolongo unaoyeyuka, na sisi tumo ndani yake. Karani wa uchaguzi alikuwa bado hajaanza kuhesabu.

Musembi hakuwahi hata kuingia kwetu. Alisimama katikati ya uwanja, kofia mkononi. Easter alimwita kwa jina, si kwa jina la mtoto, kwa jina lake. Musembi aliinama chini, akaenda kusimama nyuma ya picha ya Mramba. Easter aliutazama ule mgongo mpaka hesabu ilipokwisha.

Kitsao alishindwa. Alishindwa kwa watu wachache, ambao hawangejaza hata lori moja la nyanya. Kama wanane kati ya kumi wangekuwa wa kweli, pengo lingekuwa kubwa mno. Lakini nani wa kumlalamikia? Karatasi ile haikuwa na mwenyewe.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Watu walikuja gengeni mmoja mmoja, wananunua kitunguu kimoja, wanazungumza kwa sauti ya chini. "Mimi nilimtaka Kitsao, lakini nilidhani niko peke yangu." Mwingine vivyo hivyo. Na mwingine. Na Musembi pia, ameketi mlangoni pake, uso mikononi.

"Nilijua nani ninamtaka," alisema. "Nilidhani niko peke yangu."

Jamani! Kumbe tulikuwa wengi, tena wengi sana. Karatasi moja ilitufanya kila mtu ajione yatima. Nililia siku ile, sioni haya kusema.

Notisi ilikuja kabla ya mvua za masika. Baraza jipya lilikubali hoteli ijengwe. Habari ya viwanja vingine haikutajwa. Tingatinga lilipofika, watu walikuwa wamekwisha kubomoa wenyewe ili waokoe makuti na boriti. Genge la Easter lilikwenda pamoja na nyumba. Musembi aling'oa mlango wake, akaufunga kwa gunia kama mgonjwa, wakaondoka. Mchongaji mwenzake aliwapatia chumba huko Mnarani, ng'ambo ya kivuko cha Kilifi. Darasa langu likabaki na mabenchi matupu.

Mwaka uliofuata nilikwenda kuwatembelea. Nilikuta mkutano. Watu wa mtaa ule nao walikaa juu ya ardhi ya mwingine, na bwana mmoja amekuja na karatasi mkononi. Alisoma kwa sauti tamu.

"Nyumba zote za hapa zimeulizwa. Wengi wamekubali kuhama kwa hiari. Kwa hiyo tunawaomba wachache waliobaki wasichelewe, wawafuate wenzao."

Nikaona watu wanaanza kutazamana. Yale macho niliyajua. Ni macho ya uwanja wa shule.

Easter aliinuka. "Shikamoo, mzee. Nina maswali."

"Marahaba. Uliza, mama."

"Nani aliyefanya uchunguzi huo?"

"Wahusika."

"Wana jina?"

Yule bwana aliitazama karatasi. "Halikuandikwa."

"Waliuliza swali gani? Nani aliwalipa? Walimwuliza nani, na wapi?"

"Mama, imeandikwa hapa. Nyumba zote."

"Mimi pia najua kusoma, mzee. Basi kama ni nyumba zote, hilo tunaweza kulimwaga chini tuone." Aligeukia watu. "Wenye nyumba mko hapa. Aliyeulizwa ainue mkono. Msiogope, kila mtu amtazame mwenzake."

Walitazamana. Safari hii hawakutazama kwa kuhesabu. Hakuna mkono ulioinuka. Mama mmoja mzee akaanza kucheka, wengine wakafuata, na yule bwana akaikunja karatasi yake.

"Anaweza kuwa amesahauliwa mtu mmoja mmoja," alisema.

"Amesahauliwa mtaa mzima?" Easter alimjibu.

Hapo ndipo nilipomwona Musembi. Alitoka ukutani alikokuwa ameegemea. Alipita katikati ya watu, mbele ya macho ya wote, akaenda kusimama nyuma ya mkewe. Baada yake akaja jirani yake, na jirani wa jirani. Mkutano ukavunjika bila mtu kutia alama ya kidole gumba kwenye karatasi yoyote ya kukubali kuhama, na nyumba za mtaa ule zimesimama mpaka leo ninapoandika.

Jioni tulikaa chumbani mwao. Tulikunywa chai. Ule mlango wa kuchonga ulikuwa umeegemezwa ukutani, bado na kamba za gunia. Chumba kilikuwa cha kupanga na mlango wake ni wa mabati. Ule wa Musembi haukuingia.

"Leo umesimama, Baba Mwende," nilimwambia, kwa kumpongeza.

Musembi aliupapasa mlango, akafuta vumbi kwenye maua aliyoyachonga. Easter alimtazama, hana hasira.

"Ungalisimama Barani," alisema taratibu, "mlango huu ungalikuwa mahali pake."

Musembi aliinua kikombe chake, akakuta chai imekwisha.