Toleo la Kumi na Tatu la Mchota Maji

Jioni ile nilikuwa nimetumwa uzi mweusi tu. Mdogo wangu ni fundi cherehani, na uzi ukimwishia katikati ya kazi nyumba nzima haina amani.

"Dada, kaniletee uzi, tafadhali. Na usipitie kwenye makaratasi yako!"

Makaratasi yangu ni vitabu vya katuni vya zamani. Tuko watu kama mia mbili, hatujuani hata kwa sura, tunaoviorodhesha kwenye tovuti moja: nani alichora, nani aliandika, kurasa ngapi, wahusika gani. Kazi hii mdogo wangu huiita ugonjwa. Kanuni yetu kuu ni moja: usijaze fomu kama kitabu chenyewe hakimo mkononi mwako. Miaka sita nimesahihisha makosa ya wenzangu, mkali kama pilipili.

Kanuni hiyo niliivunja mara moja.

Kulikuwa na mfululizo wa kutisha uitwao Mchota Maji, habari za bibi kizee aishiye kisimani, anayevuta watu kwa ndoo. Matoleo yalikuwa kumi na mawili. Nyuma ya lile la mwisho palikuwa na tangazo: "Toleo lijalo, bibi anamtaka fundi cherehani!" Hilo la kumi na tatu hakuna aliyewahi kuliona. Mimi, kwa uroho wa kutaka kuwa wa kwanza, nikalijazia rekodi kwa kunakili tangazo. Kurasa ishirini na nne, nilikisia. Wahusika: Mchota Maji, fundi cherehani. Mhakiki mmoja wa tovuti, nisiyemjua, akaipitisha siku ileile.

Basi jioni ile miguu ikanipeleka kwa muuza vitabu chakavu, uzi baadaye. Alikuwa anafunga. Siku zote hunitania, lakini safari hii hakucheka.

"Kuna kitu chako," alinong'ona. "Chukua, uondoke nacho."

Akakisukuma kitabu kwa ncha ya rula. Hakutaka kukigusa.

Mchota Maji. Toleo la 13.

"Umekitoa wapi?"

"Nimekikuta mezani asubuhi. Mchoraji wa vitabu hivi, dada, nilimzika kwa mikono yangu. Alikufa alipomaliza la kumi na mbili. Hiki hakukichora yeye."

Kilikuwa na unyevu. Kilinuka tope, na wino ambao haujakauka.

Nilikifungua mbele ya duka la uzi, penye taa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa chumba chetu. Cherehani yetu ile, yenye kitambaa chekundu kwenye gurudumu. Mdogo wangu ameinama, futi ya kupimia shingoni. Ukurasa wa tano, ndoo iko mlangoni. Ukurasa wa kumi, iko chini ya meza yake. Kuanzia wa kumi na moja karatasi zilikuwa tupu.

Nikazitazama tena.

Wa kumi na moja haukuwa tupu.

Nilikimbia. Uzi sikununua.

Nyumbani nilimkuta mzima, anapekua makopo.

"Uzi uko wapi?"

"Toka hapo mezani. Toka!"

"Dada, umepatwa na nini? Na mbona hapa panavuja?"

To... to... to...

Sakafu chini ya meza ilikuwa imelowa. Nikamvuta mpaka jikoni, akawa anarudi anacheka, akidhani ni mzaha wangu. Nikafungua kompyuta ili niifute ile rekodi. Jibu la mhakiki lilifika kabla sijaondoa kidole kwenye kitufe cha kufuta.

"Haifutwi. Kitabu unacho mkononi. Unaruhusiwa kusahihisha tu."

Nikafunua kitabu. Ukurasa wa ishirini na mbili ulikuwa umeshachorwa, na mkono mkavu ulikuwa unafika begani kwa mdogo wangu. Huyu nimemlea mimi tangu mama alipotutoka. Mimi ndiye niliyemfundisha kutunga uzi sindanoni. Nililia kwa sauti. Kisha kwenye nafasi ya wahusika nikafuta "fundi cherehani", nikaandika "dada yake", nikatuma.

"Imepitishwa. Asante kwa usahihi wako."

Baridi ikanishika kisogoni, kisha vidole vikavu vikanishika.

Sasa niko ukurasa wa ishirini na nne. Ni ndani ya kisima, na maji yananifika kidevuni. Mwanga huingia kitabu kinapofunguliwa, na mdogo wangu hukifungua kila jioni. Amenitafuta polisi, hospitali, hata kwa muuza vitabu, ambaye siku hizi hafungui duka. Cherehani haijazunguka tangu siku ile. Kompyuta niliiacha wazi, akasoma historia ya masahihisho yangu yote, moja baada ya jingine, akaelewa kitabu kilikujaje na mimi nilikwendaje.

Jana akaliona lile nililokuwa nikiomba asilione. Nyuma ya jalada kuna tangazo: "Toleo la 14, Dada anarudi nyumbani!"

Akaketi kwenye kiti changu. Katuni hazijui, lakini fomu anaijua. Miaka sita amenicheka huku akiniangalia nikiijaza. Akaandika namba ya toleo. Akaandika kurasa ishirini na nne.

"Utarudi, Dada," alinong'ona. "Vumilia kidogo."

Mdogo wangu, kitabu hicho hakimo mkononi mwako! Usijaze! Nilipiga kelele mpaka koo likaniuma, na haikutoka hata moja nje ya karatasi.

Yeye amesoma maneno tu. Mchoro wa tangazo hakuutazama vizuri. Mimi nauona kwa nyuma, wino umepenya mpaka upande wangu: nimesimama mlangoni kwetu, nywele zinachuruzika maji, natabasamu. Mkononi nimeshika ndoo.

Kwenye nafasi ya wahusika ameandika wawili, dada na fundi cherehani. Akatuma.

Mhakiki ameshapitisha. Na ndoo nimeshapewa.