Kiendelezi cha Majogoo

Asubuhi ile nyumba ya Nurys, pale Ocoa, mji wa milimani, ilikuwa imetulia. Ndizi zilishapondwa, kahawa iko mezani, na Yulisa, mtoto wa miaka sita wa marehemu dada yake, alikuwa akisukwa nywele na bibi yake, Bi Cesarina. Saa tatu hakimu wa watoto angewasikiliza kwa video. Baba wa mtoto, ambaye hakuwahi kumnunulia hata kiatu, sasa alitaka kumchukua. Nurys asiposikilizwa siku hiyo, mtoto angeondoka.

Saa tatu kamili akafungua kompyuta. Karani wa mahakama akasema, "Bibi, huku tunaona giza tupu. Na sauti yako kama ya mtu aliye ndani ya pipa."

"Intaneti hiyo," akasema mumewe, Leovigildo, kabla hajaulizwa. "Tangu mvua ya jana."

Nurys akampigia simu jirani yake Marielys, mwalimu wa kompyuta, aliyekuwa kazini shuleni.

"Kwanza niambie, dada, kuna mtu kaongeza kiendelezi kwenye kivinjari? Vile vijiprogramu vya kubandika?"

Nurys akamtazama mumewe.

"Mimi? Mimi hata kuiwasha naogopa."

"Huyo anajua kuwasha redio tu," akasema Bi Cesarina.

Basi wakazima kisanduku cha intaneti, wakakiwasha. Wakahamisha kompyuta dirishani. Wakachomoa televisheni, wakachomoa friji. Wazazi wenzangu, dakika arobaini zilikwenda hivyo, na mtu mmoja mle ndani alikuwa anajua.

Karani akarudi. "Saa nne kasorobo hakimu anafunga faili. Baba yupo hewani, anaonekana vizuri."

Nurys akabonyeza tena alama ya kamera, giza likabaki lilelile.

"Mama mdogo," Yulisa akauliza, "kwani hakimu hataki kutuona?"

Hapo Leovigildo akainamisha kichwa. "Kuna kitu niliweka wiki iliyopita. Cha kutazama majogoo wakipigana, bure. Kiliomba kamera na kipaza sauti, nikabonyeza ruhusu."

Bi Cesarina, mtu wa kanisa, ambaye mbele yake hakuna aliyethubutu kutaja mapigano hayo, aliweka kitana chini.

"Kamera ya nini? Majogoo walitaka kukuona wewe?"

"Niliona aibu, mama."

"Umechelewa kusema, shemeji, lakini umesema," Marielys akasikika kwenye simu. "Nurys, toka kwenye mkutano. Fungua orodha ya viendelezi, zima vyote, usichague. Halafu funga kivinjari, ufungue upya."

Vilikuwa saba. Alipozima cha mwisho na kurudi mkutanoni, aliuona uso wake mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta, umelowa jasho.

"Sasa tunakuona, bibi," akasema karani. "Mtoto yuko wapi?"

Hakimu aliuliza nani anayeamka mtoto akikohoa, na chanjo zake zimefikia wapi. Nurys alijibu yote bila kutazama karatasi. Baba hakujua hata mwaka aliozaliwa mwanawe. Yulisa akabaki.

Mchana Marielys alikuja akawasha viendelezi kimoja kimoja, kila kimoja akikijaribu na kamera. Alipofika kwenye cha majogoo, picha ikawa giza. Akakifuta kabisa.

Leovigildo akamwomba mama mkwe msamaha.

"Majogoo nimewasamehe," akasema Bi Cesarina. "Zile dakika arobaini ulizomwangalia binti yangu akihangaika, na wewe unajua, hizo bado."

FUNZO

Ndugu zangu, kitu kinachoomba kamera ya nyumba yako kinaomba kuingia chumbani kwa wanao. Jiulize kinaitakia nini kabla hujakiruhusu. Na video ikikwama, usikimbilie kulaumu intaneti: zima viendelezi vyote, kisha rudisha kimoja kimoja mpaka ukijue kinacholeta shida. Lakini zaidi ya yote, kama ni wewe uliyekiweka, sema mapema, hata kama utachekwa, hata kama utagombezwa. Leovigildo angenyamaza dakika tano zaidi, leo Yulisa angekuwa analala kwa watu asiowajua.