Unga wa Dirishani

Dorcas aliuza maandazi Buzuruga, karibu na stendi ya mabasi. Kila alfajiri alikanda unga wanawe wakiwa bado wamelala. Maandazi ndiyo yaliyowalisha na kuwasomesha. Unga ukiwa mbaya maandazi hayaumuki, na abiria hana huruma na andazi gumu.

Unga aliununua kwa Mhindi mmoja, Lalji. Tangu serikali ilegeze masharti ya biashara, duka la Lalji lilijaa bidhaa mpaka darini. Lakini mtu mweusi hakuingia ndani. Alihudumiwa dirishani, ubavuni mwa jengo, penye nondo. Wahindi na Wazungu walipita mlango wa mbele, wakachagua unga, wakaitazama mizani kwa macho yao.

Siku moja mvua ilinyesha. Dorcas akasogea mlangoni. Mwuzaji, kijana aitwaye Alexander, akamzuia.

"Mama, dirishani."

"Baba, mvua hii huioni?"

"Naiona. Dirishani."

Akanunua dirishani, akarudi nyumbani na unga uliolowa juu. Alipouchekecha ule mkavu wa chini, fukusi wakabaki kwenye chekeche, wanatambaa.

Jirani yake Mwanaharusi, fundi cherehani, aliwahi kuwa katibu wa ushirika wa akina mama. Akauangalia ule unga.

"Dorcas, Lalji anaishi kwa nani? Mzungu ananunua unga wa keki moja. Ninyi wakaangaji wa stendi ndio mnaomaliza stoo yake. Acheni kununua, wote kwa pamoja, muone."

Dorcas akamtazama kwa jicho la pembeni. Makame, kaka yake Mwanaharusi, naye aliuza unga.

"Ahaa! Tumwache Lalji, twende kwa kaka yako?"

"Nendeni kwa Hirji."

"Hirji si Mhindi?"

"Mhindi. Anakupimia wapi?"

"Ndani. Mbele ya macho yangu."

"Basi. Hamgombani na Uhindi. Mnagombana na dirisha."

Dorcas hakuridhika. Aliwaeleza wakaangaji wenzake, Odeta na Paskazia na wengine, lakini akawaonya: "Kwa Makame msikanyage. Tuone kama dada mtu atanuna."

Mwanaharusi hakununa.

Basi wakaacha kwenda kwa Lalji. Walifanya kama anavyotengwa mkorofi kwao Usukumani. Hawakumsalimu, hawakulitazama duka lake. Kimya.

Lalji alipoona dirisha halina watu, akashusha bei. Hapo mashaka yakaingia kundini.

"Paskazia, unga huu umetoa wapi?" Dorcas aliuliza, akilinusa andazi la mwenzake.

"Kwa Hirji! Unataka niape?"

"Apa."

"Siapi! Umekuwa polisi? Na wewe jana ulipita upande wa Lalji ukifuata nini?"

"Nilikwenda kusaga mahindi."

"Kusaga! Na kapu tupu?"

Wakatazamana kama paka wawili kwenye dagaa mmoja. Odeta akasema, "Jamani, bei imeshuka. Si turudi tu?"

Dorcas akaenda kwa Mwanaharusi amefura. "Mpango wako umekufa. Watu wanataka kurudi, na dirisha liko pale pale."

"Mlimwambia kwa nini mmeacha kununua?"

"Anayetengwa anaambiwa nini? Anatengwa."

"Kwenu Bujora anatengwa tu? Hata haitwi?"

Dorcas akakumbuka. Kwao, kwanza nzengo, yaani wakazi wote wa kitongoji, humwita mtu. Humwambia kosa lake na namna ya kulirekebisha. Akikaidi, ndipo hutengwa. Wao walikuwa wamerukia mwisho.

"Lalji anadhani mnataka bei," Mwanaharusi akasema. "Kugoma bila kusema sababu ni kununa tu. Kamwambieni jambo moja. Msimtukane, msivunje kitu, wala msitaje asili yake. Tajeni dirisha."

Wakaenda wote, wakasimama mbele ya duka. Lalji akatoka.

"Karibuni akina mama! Bei nzuri sasa."

"Hatukufuata bei," alisema Dorcas. "Unatuuzia dirishani kwa sababu ya rangi yetu. Ndiyo maana tumeacha kununua. Siku kila mtu atakapopita mlango huu, tutarudi."

"Mama, mimi naogopa wezi tu."

"Mzungu naye ana mifuko ya kuibia!" Odeta akadakia.

Lalji akarudi ndani. Wanawake nao wakaendelea kununua kwa Hirji. Hakuna tena aliyeuliza bei ya Lalji, maana sasa kila mmoja alijua wanadai nini. Unga wa Lalji ukalala stoo, fukusi wakaongezeka.

Mwishowe Alexander akaja stendi. "Mzee anasema wakaangaji mwingie."

"Wakaangaji tu?" Dorcas akauliza. Moyo wake haukumwamini.

Walipofika, mlango ulikuwa wazi. Lakini dirishani alisimama mama mmoja kutoka Kisesa, kikapu kichwani.

"Na huyu?" Dorcas akauliza.

"Huyo si wa kundi lenu," alisema Alexander.

Dorcas akageuka kuondoka. Paskazia akageuka. Wote wakageuka.

"Ngojeni!" Lalji aliita kutoka ndani. "Alexander, mwite yule mama aingie."

Mama wa Kisesa akajifuta miguu, akaingia akiangaza huku na huku. Dorcas alisimama kizingitini mpaka alipomwona anapimiwa unga mweupe, mkavu, yeye mwenyewe akiitazama mizani. Ndipo naye akaingia.

Baadaye dirisha lile lilizibwa kwa matofali. Maandazi ya Dorcas yakaumuka, na wateja wakaongezeka. Hata hivyo, kila alipokwenda kununua unga, alizunguka kwanza ubavuni, akayagusa yale matofali kwa kiganja, aone kama hayajalegea.